Njoo Uone ya Wafransisko kwa Mwanaume Aliyevuka Miaka 35: Tathmini Kutoka Dar es Salaam

Kamati ya miito ya parokia imezoea kijana wa kidato cha nne anayesindikizwa na mama yake. Haijamzoea fundi umeme wa miaka 41, mgane, mwenye mkopo wa SACCOS na binti anayesubiri matokeo ya kidato cha sita, anayengoja watu watawanyike baada ya Misa ya pili ndipo aseme kwa sauti ya chini kwamba anafikiri Mungu anamwita utawani. Mara nyingi mtu huyu huambiwa moja kati ya mawili: umri umempita, au asali tu, Mungu atafungua njia. Jibu la kwanza halina msingi katika sheria ya Kanisa. La pili halimwambii amwone nani.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 643, imeweka umri wa chini tu: mtu awe ametimiza miaka 17 kabla ya kuanza unovisi, yaani kipindi cha malezi kinachotangulia nadhiri za kwanza. Umri wa juu haikuuweka. Ukomo wa miaka 30 au 35 unaousoma kwenye vipeperushi umewekwa na mashirika yenyewe kwa sababu zao za malezi, na mkuu wa provinsi, yaani wa ndugu wa eneo zima, anaweza kumfikiria mtu aliyeuvuka akiona sababu ya kutosha. Kwa hiyo mlango upo. Tunachopima hapa ni huduma iliyo nyuma ya mlango huo, yaani Njoo Uone: mikutano ya kila mwezi, siku tatu za kukaa ndani ya nyumba ya ndugu, ziara ya ndugu nyumbani kwa mhusika, na mazungumzo ya mwisho kabla ya kuandika barua ya maombi. Majina ya nyumba hatuyataji, kwa sababu kasoro tutakazozisema si za nyumba moja, na nyumba ikibadilisha mkurugenzi wa miito huduma nayo hubadilika.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Siku tatu za ndani ya nyumba ni sehemu bora kuliko zote, na mtu mzima anapaswa kuzidai hata kama hakualikwa. Sehemu dhaifu ni makaratasi, madeni na familia: huduma imeshonwa kwa kipimo cha kijana asiye na kitu, na mwenye miaka 40 anaivaa ikimbana mabegani.

Jambo la kwanza ni kujua unagonga mlango gani. Utawa wa kwanza wa Mtakatifu Fransisko una matawi matatu. Wapo Ndugu Wadogo wanaojulikana kwa herufi OFM, wapo Wakonventuali, na wapo Wakapuchini, waliopata idhini ya Papa Klementi VII mwaka 1528 wakitaka kurudi kwenye ufukara wa mwanzo. Wote wanashika Kanuni moja ya maisha, ile iliyothibitishwa na Papa Honori III tarehe 29 Novemba 1223. Ndugu Wadogo na Wakapuchini huvaa kahawia, Wakonventuali kijivu au nyeusi, na Mkapuchini unamtambua kwa kofia yake ndefu iliyochongoka mgongoni. Kamba ya kiunoni ni nyeupe kwa wote, na mafundo yake matatu ni nadhiri tatu: utii, ufukara na usafi wa moyo.

Hapa Dar es Salaam watu wakisikia Mfransisko hufikiria Mkapuchini, na wana haki. Wakapuchini wa Uswisi walifika mwaka 1921, baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya vita. Edgar Maranta, askofu mkuu wa kwanza wa jimbo kuanzia 1953, alikuwa Mkapuchini. Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, aliyekabidhiwa jimbo mwaka 2019, ni Mkapuchini pia. Hilo lina faida yake: paroko wako karibu hakika anajua nani wa kumpigia. Lina hasara pia. Mtu huishia kwa Wakapuchini kwa sababu ndio aliowaona, bila kutembelea tawi lingine. Kwa kijana si neno. Kwa mwenye miaka 41, kukosea tawi na kuanza upya ni miaka miwili au mitatu ambayo hana ya kuchezea. Tembelea angalau nyumba mbili.

Mikutano ya kila mwezi haitatuchelewesha. Huwa ni Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa nane: sala, mada, maswali, chakula. Mada ni nzuri lakini ni zile zile, na mtu mzima atajikuta amekaa kwenye benchi na vijana ishirini wanaouliza kama bruda anaruhusiwa kucheza mpira. Avumilie, kwa kuwa hao ndio atakaoishi nao. Ila kuanzia mkutano wa pili aombe mazungumzo ya peke yake na mkurugenzi wa miito, saa moja kila mwezi, kwa tarehe iliyoandikwa. Mkurugenzi asiyeweza kutoa saa hiyo hana nafasi ya kumsindikiza mtu wa umri huu, na ni heri ijulikane mapema. Mazungumzo hayo ndiyo yanayopembua kama ni wito au ni kidonda. Mtu aliyefiwa na mke mwezi Machi hawezi mwezi Juni kujua kama anaitwa au anakimbia nyumba iliyonyamaza. Aliyepunguzwa kazini vilevile, na aliyeachana na mwenzake vilevile. Tunashauri mwaka mmoja upite tangu pigo kubwa kabla ya kuandika barua yoyote, na ikiwa ni msiba wa mke, miwili.

Sasa siku tatu za ndani. Unaingia Ijumaa jioni, unatoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri, Masifu ya Asubuhi na Misa kuanzia saa kumi na mbili, chai, halafu kazi za mikono hadi mchana: jembe, mabanda ya kuku, kudeki, masufuria. Jioni kuna Masifu ya Jioni, chakula, dakika arobaini hivi za kukaa pamoja, kisha kimya. Ratiba haishangazi, lakini kuna mambo mawili ndani yake ambayo hakuna kipeperushi kitakachokuonyesha.

La kwanza ni kitabu cha masifu. Zaburi zimepangwa kwa mzunguko wa wiki 4, kwa hiyo kabla ya kufungua chochote lazima ujue leo ni wiki ya ngapi. Ikiwa ni siku ya kawaida, mambo ni mepesi. Ikiangukia kumbukumbu ya mtakatifu, unaanza zaburi kwenye wiki yako, unaruka kwenda sehemu ya watakatifu kutafuta sala ya kumalizia, unarudi kwenye Wimbo wa Zakaria, na katikati ya yote hayo pande mbili za kanisa zinapokezana mistari bila kumngoja mtu. Nyota ndogo katikati ya mstari ni mahali pa kuvuta pumzi. Asiyejua husonga mbele peke yake na sauti yake hubaki ikining'inia. Mhandisi anayesimamia mafundi thelathini atajikuta anapekua kurasa kama mtoto wa komunyo ya kwanza, na kijana wa miaka 20 pembeni yake atanyosha kidole taratibu kumwonyesha mstari. Nyumba nzuri humkalisha mgeni karibu na ndugu mwenye subira na kumwekea tepe mahali pake kabla ya kengele. Nyumba isiyojali humpa kitabu na kumwacha azame. Tumia kigezo hiki, hakidanganyi.

La pili ni shikamoo. Katika nyumba ya kitawa, ukubwa huhesabiwa kwa siku ya kuingia na siku ya nadhiri, si kwa mvi. Mlezi anaweza kuwa na miaka 33. Asubuhi kwenye korido mpostulanti (aliye katika hatua ya kwanza ya malezi, kabla ya unovisi) wa miaka 21 atakuamkia, "Shikamoo, kaka," nawe utaitika marahaba. Hatua tano mbele utakutana na mlezi, mdogo wako kwa miaka minane. Yeye naye, kwa malezi ya nyumbani kwao, ulimi unamwasha akuamkie, na wewe unapaswa kumwita Baba na kumwomba ruhusa ya kwenda dukani. Wote wawili mnasita. Kusita huko ndiko somo lenyewe la nadhiri ya utii, na nyumba iliyokomaa hulizungumza wazi siku ya kwanza: tunaamkiana kwa desturi zetu za Kiswahili, na tunatii kwa utaratibu wa nyumba, na hayo mawili hayagombani. Pale ambapo jambo hili halisemwi huzaa mgonjwa mmoja kati ya wawili. Mlezi kijana hukaza sauti ili asidharauliwe, au mgeni mzee hugeuka kuwa mshauri wa kila mtu hadi jikoni. Tumeona wito wa kweli ukivunjika kwa jambo hili mara nyingi kuliko kwa useja, ingawa useja ndio unaozungumzwa sana.

Linalofuata kwa uzito ni pesa ya mfukoni. Mtu aliyezoea kulipia wenzake nauli atakaa mbele ya mhasibu wa nyumba akiomba nauli ya daladala ya kwenda hospitali na kurudi, na atarudisha chenji. Uliza ndani ya hizo siku tatu: mpostulanti hupewa kiasi gani, nani ana laini yenye akaunti ya pesa, simu hukusanywa saa ngapi. Nyingi huzikusanya usiku. Mwenye mtoto au mzazi mgonjwa aombe tangu mwanzo namba ya nyumba itakayopokelewa usiku. Ombi hilo ni halali, na likikataliwa bila maelezo, zingatia.

Dawa nazo. Kwa umri huu presha na kisukari si jambo geni, na wapo wanaoficha vidonge kwenye soksi wakiogopa kukataliwa. Kanuni ya 642 inataka afya inayofaa maisha ya shirika. Haikusema mtu asiye na ugonjwa wowote. Presha inayodhibitiwa huongeleka. Presha iliyofichwa ikigunduliwa katika unovisi haiongeleki tena, kwa sababu hapo suala si presha, ni uongo. Vipimo vya afya huja baadaye, kabla ya kupokelewa. Nenda ukiwa na kadi yako ya kliniki, na uliza matokeo yatasomwa na nani.

Tunafika kwenye makaratasi, mahali ambapo huduma hii inaangusha watu. Karatasi ya maelekezo kwa kawaida huomba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kipaimara, vyeti vya shule, barua ya paroko na picha. Kwa kijana inatosha. Kwa mtu mzima kanuni ya 645 inataka pia uthibitisho wa hali huru, na hapo ndipo wengi hukwama mwezi wa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mwezi wa kwanza. Mgane alete cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mke. Aliyefunga ndoa kanisani na kuachana hawi huru kwa talaka ya mahakama ya serikali. Kanuni ya 643 inasema unovisi wa mwenye ndoa, ndoa ikiwa bado ipo, ni batili. Njia yake inapita Mahakama ya Kanisa ya jimbo, na aanze huko kabla ya Njoo Uone yoyote, akijua kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Kundi linalosahaulika zaidi ni wale walioishi na mwanamke bila kufunga ndoa. Mtu husema, "Mimi sijaoa," kwa maana hakupita altareni. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mama wa watoto anaweza kwenda mahakamani kudai matunzo na sehemu ya mali waliyochuma pamoja, na dai hilo litamkuta mtu akiwa na kanzu ya kahawia. Tunasema bila kuzunguka: mtu aliyezaa na hajaweka wazi atamtunzaje mtoto wake hadi atimize miaka 18, na mama yake atapata nini, hajawa tayari kupiga hodi. Mkurugenzi wa miito anayekwepa kuuliza hili kwa heshima anamwonea mtoto.

Madeni: kanuni ya 644 inakataza kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Shirika halilipi deni lako. Chukua karatasi, piga mistari minne: namdai au nadaiwa na nani, kimebaki kiasi gani, kwa mwezi nalipa ngapi, kitaisha lini. Weka humo mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Ukiacha kazi makato yanasimama, deni halisimami. Weka VICOBA. Weka mikopo ya simu, hata ile midogo. Weka SACCOS, na mbele yake andika majina ya wadhamini wako, kwa sababu wewe ukiingia utawani ni wao watakaokatwa. Halafu weka wale uliowadhamini wewe. Karatasi hii moja imewaokolea watu miaka miwili ya kurudishwa nyumbani.

Mafao yanahitaji hesabu yake. Pensheni ya NSSF inadai michango isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mwenye michango 156 amebakiza miezi 24, na kuacha kazi leo ni kuuacha mlango huo ukiwa nusu wazi. Pia ajue kwamba baada ya nadhiri, kwa kanuni ya 668, kinachokuja kama pensheni ni cha shirika, isipokuwa katiba ya shirika iseme vingine. Kama alitegemea pensheni hiyo imsomeshe mtoto, jambo hilo lizungumzwe na kuandikwa kabla ya unovisi, na lisiachwe kwenye ahadi za kwenye korido.

Kuhusu kiwanja na nyumba, tunaomba msomaji asome taratibu. Usiuze. Wapo wanaouza kiwanja cha Chanika kwa bei ya kutupa wiki moja baada ya mafungo yenye moto, wakinukuu Kanuni ya Mtakatifu Fransisko, sura ya 2, inayomtaka anayekuja auze vyote na kuwapa maskini. Sura hiyo hiyo inasema kwamba asiyeweza kufanya hivyo, nia njema yamtosha. Na inawaonya ndugu na wakuu wao wasijishughulishe na mali ya anayekuja. Utaratibu wa sasa ni huu: kabla ya nadhiri za kwanza unamkabidhi mtu umtakaye usimamizi wa mali yako, mali inabaki yako. Kuachia kabisa kunafanyika kabla ya nadhiri za daima, kwa maandishi yenye nguvu pia katika sheria za nchi. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA, wakala wa usajili wa serikali. Kati ya siku ya kuingia na siku hiyo kuna miaka mitano au zaidi, na katika miaka hiyo unaweza kutoka mwenyewe au kuambiwa utoke. Kanuni ya 702 inasema anayetoka hawezi kulidai shirika malipo ya kazi aliyofanya. Aliyeuza nyumba atarudi kwa shemeji. Na nyumba ya kitawa ikianza kuulizia kiwanja chako kabla haijaulizia watoto wako, ondoka.

Vilevile ondoka ukitajiwa "ada ya usajili wa wito" itumwe kwenye namba ya mtu binafsi. Mchango wa chakula siku za Njoo Uone ni jambo la kawaida, na orodha ya vitu vya kuja navyo pia. Ada ya kupokelewa kwa njia ya simu si kawaida. Shirika usilolijua uliza ofisi ya jimbo kama linatambulika. Ni swali la dakika tano.

Kazi isiachwe mapema. Njoo Uone yote inaingia ndani ya likizo: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, na siku tatu za ndani zinakula mbili tu za kazi au hata moja. Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya kushika mkononi barua ya kupokelewa upostulanti, ukiacha siku 28 za taarifa kwa anayelipwa kwa mwezi.

Hesabu ya miaka ifanywe kwenye karatasi, mkurugenzi akiwepo. Tuchukue yule fundi wa miaka 41. Mwaka wa kusindikizwa unamfikisha 42. Upostulanti, kwa kawaida mwaka mmoja, 43. Unovisi, ambao kanuni ya 648 inataka uwe miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi, 44. Nadhiri za muda si chini ya miaka 3 wala zaidi ya 6, kwa hiyo nadhiri za daima atazifunga akiwa kati ya miaka 47 na 50. Akitaka na upadre, aongeze falsafa na miaka 4 ya teolojia. Atapewa daraja akiwa na zaidi ya 50. Unovisi una mtego mmoja kwa watu wenye ukoo mkubwa: kutokuwepo kwa jumla ya zaidi ya miezi mitatu kunaubatilisha, na siku zikizidi 15 lazima zifidiwe. Safari ya msiba Songea au Bukoba, na matanga yake, inakula wiki nzima. Mtu mwenye mama mzee na wadogo sita akae nao kikao kabla, nani atashika nini, ili simu za "njoo haraka" zisiwe kumi kwa mwaka.

Hapa ndipo tunapowalaumu wakurugenzi wengi kwa upole lakini kwa dhati: humwuliza mtu mzima kama anataka upadre, na akisema hapana humwona kama mtu wa daraja la pili. Fransisko aliwaita wote ndugu. Konrad wa Parzham, mkulima wa Bavaria, aliingia kwa Wakapuchini mwaka 1849 akiwa na miaka 30, akawa bawabu wa nyumba ya Altötting kwa miaka 41, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934. Upadre hakuwa nao. Na Mei 2022 Papa Fransisko aliruhusu ndugu asiye padre awe mkuu katika mashirika ya mapadre, kwa idhini inayotakiwa. Fundi umeme wa miaka 44 mwenye nadhiri ni tunu kwa nyumba yoyote yenye zahanati, shule na pampu ya kisima. Tungependa kuona njia ya ubruda inaelezwa kwanza na upadre baadaye.

Ziara ya nyumbani ni nzuri inapofanyika kweli. Ndugu huja, hula chakula, hukaa na wazazi, na akiwa na macho huongea na watoto bila baba yao kuwepo. Omba hilo la mwisho. Mtoto wa miaka 17 husema mbele ya mgeni kile asichoweza kumwambia baba. Pale ziara inapogeuka kuwa picha ya pamoja na soda, imepotea.

Na kwa yule ambaye ndoa yake ipo na mke wake yupo, Njoo Uone hii siyo yake, na hapaswi kupewa matumaini ya kimya kimya. Yake ni Utawa wa Tatu, Wafransisko wa ulimwenguni, wenye Kanuni iliyothibitishwa na Papa Paulo VI tarehe 24 Juni 1978. Hao hubaki na familia na kazi, wana malezi, wana ahadi ya maisha yote, na hukutana na udugu wao kila mwezi. Ni wito kamili kwa jina lake, na mtu akiwasikiliza wanavyosali hatouita mbadala.

Alama zetu juu ya 10: mikutano ya mwezi 6, siku tatu za ndani 9, ziara ya nyumbani 7 ikifanywa vizuri, maandalizi ya makaratasi na madeni 3. Hiyo tatu inarekebishika kwa karatasi moja ya nyongeza kwa waliovuka 35, na nyumba yoyote inaweza kuichapa kesho.

Anayekwenda Ijumaa hii abebe shuka mbili, chandarua, ndala, nguo za shamba, dawa zake zote za siku tano na si tatu, barua ya paroko ndani ya bahasha, na ile karatasi ya madeni. Afike kabla ya saa kumi na moja jioni, maana Masifu hayamngoji mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala. Na kitabu cha masifu aazime parokiani wiki moja kabla, aulize leo ni wiki ya ngapi, na ajizoeze kusimama kwenye nyota.